Shauri la mtoto, kutoka taarifa ya kwanza hadi kufunga jalada: mwongozo kwa afisa ustawi wa jamii anayeanza kazi

Ukiripoti halmashauri kwa mara ya kwanza ukiwa Afisa Ustawi wa Jamii, utapewa meza, kabati lenye majalada ya waliokutangulia, na benchi la nje lililojaa kina mama wenye watoto mgongoni. Chuoni umesoma makuzi ya mtoto, haki zake na nadharia za familia. Lile benchi hukulisoma.

Mwongozo huu ni wa Tanzania Bara. Zanzibar wana Sheria yao ya Watoto ya mwaka 2011 na utaratibu wao, kwa hiyo aliye Unguja au Pemba achukue yale ya kazi na aache vifungu.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: mashauri mengi hayaharibiki siku ya kwanza. Siku ya tukio watu wote wapo, kuanzia mtendaji na polisi hadi majirani waliojaa uani na diwani anayepiga simu kila baada ya nusu saa. Yanaharibika wiki ya tano au ya sita, watu wakishatawanyika, mtoto akiwa amebaki na jalada lisilofunguliwa na mtu. Ndiyo maana humu nimekaa sana kwenye mambo yanayoonekana madogo, kama kuandika, kurudi na kuuliza tena.

Kabla ya shauri la kwanza

Wiki za mwanzo usijifungie ofisini. Mwajiri wako ni halmashauri iliyo chini ya TAMISEMI, na miongozo inatoka Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum, lakini watakaokubeba au kukuangusha wako kwenye kata. Nenda kwa mtendaji wa kata, jitambulishe, chukua namba yake ya simu anayoipokea usiku. Mtafute askari wa Dawati la Jinsia na Watoto, umjue kwa jina. Mjue muuguzi anayepokea waliofanyiwa ukatili, mwalimu wa malezi na unasihi katika kila shule kubwa, karani wa mahakama, na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, kwa sababu hao ndio wanaojua nyumba ipi mtoto halii hata akipigwa.

Uliza habari za Kamati ya Ulinzi wa Wanawake na Watoto. Kamati hizi ziliundwa chini ya MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto ulioanza mwaka 2017/18, na zinatakiwa kuwepo kuanzia kijiji au mtaa hadi halmashauri. Kwenye makaratasi zipo kila mahali. Ukitaka kujua kama iliyo kwako iko hai, omba muhtasari wa kikao cha mwisho. Ukiambiwa "unachapwa", umeshapata jibu.

Kisha weka mezani nakala ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Huna haja ya kuikariri yote. Kifungu cha 4 kinasema mtoto ni nani, yaani aliye chini ya miaka 18, na kwamba maslahi yake ndiyo yanayotangulia. Cha 16 kinaeleza mtoto anayehitaji matunzo na ulinzi. Cha 94 kinaipa mamlaka ya serikali za mitaa wajibu wa kumlinda, na cha 95 kinamtaka mwanajamii anayejua haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa. Kifungu hiki cha 95 utakitumia kila wiki, hasa kwa mwalimu mkuu anayekwambia "sikutaka kuingilia mambo ya familia".

Hatua ya 1: Pokea taarifa, iandike kama ilivyosemwa

Taarifa itakujia kwa njia yoyote. Jirani anayenong'ona, mwalimu, daktari, mtoto mwenyewe, au rufaa kutoka Simu ya Mtoto namba 116, ambayo haina malipo. Nyingine zitakuja kwa kunong'onezwa msibani. Zipokee zote, hata ya mlevi. Walevi huona mengi.

Kosa ninaloliona kwenye majalada ni afisa kuandika hukumu badala ya taarifa. "Mtoto ananyanyaswa na mama wa kambo." Sentensi hiyo haimsaidii mtu. Andika hivi: "Leo saa 4:20 asubuhi mwalimu wa darasa la tatu amefika ofisini. Anasema jana wakati wa michezo aliona michubuko miwili mirefu kwenye paja la kushoto la mtoto. Alipomuuliza, mtoto alisema 'nimeanguka', halafu akanyamaza. Mwalimu anasema mtoto hajaja na daftari tangu wiki iliyopita." Aliyeona ni nani, aliona nini, lini, na nani alisema nini. Miezi minane baadaye ukiwa umesimama mbele ya hakimu, maneno hayo ndiyo yatakayokushika mkono.

Uliza pia mambo yanayosahaulika: mtoto yuko wapi sasa hivi, usiku huu atalala wapi, na anayetuhumiwa anajua kwamba taarifa imefika kwako?

Taarifa ikishaingia kwenye rejesta na jalada likapata namba, funga kabati kwa ufunguo. Jina la mtoto halitajwi kwenye kundi la WhatsApp la watumishi wa kata, wala picha yake hairushwi humo, hata kwa nia njema. Tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Na hata isingekuwepo, mtaa mdogo hausahau. Binti aliyebakwa akiwa na miaka 9 ataitwa hivyo hadi anaolewa.

Hatua ya 2: Pima hatari, amua haraka

Si kila taarifa inakutoa ofisini mbio. Mimi huyagawa mashauri mafungu matatu: ya leo hii, ya wiki hii, na ya kupangiwa tarehe. La leo ni lile ambalo mtoto anaweza kufa, kuumizwa tena, kutoroshwa au kupoteza ushahidi kabla jua halijazama. Umri mdogo huongeza hatari, vivyo hivyo ulemavu, na mtuhumiwa kulala nyumba moja na mtoto.

Likiwa shauri la kubakwa au kulawitiwa, saa inakwenda. Dawa za kinga dhidi ya VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyofaa zaidi. Zikianza ni za siku 28. Kwa msichana aliyevunja ungo, dawa za dharura za kuzuia mimba zina dirisha la saa 120. Kwa hiyo hospitali ni kwanza, mengine yanafuata. Kama wilaya yako ina Kituo cha Mkono kwa Mkono, mpeleke huko, kwa sababu daktari, polisi na ustawi wanapatikana sehemu moja na mtoto hasimulii mara nne. Kama hakuna, fomu ya polisi namba 3, ile PF3, itafutwe sambamba na matibabu. Asiachwe mtoto akivuja damu kwenye korido eti fomu haijafika. Piga simu kwa askari wa dawati ailete.

Mwambie mama, kwa upole, asimwogeshe mtoto na asifue nguo. Najua ni jambo gumu. Kitu cha kwanza mama yeyote anachotaka kufanya ni kumsafisha mwanawe. Nguo zikihifadhiwa ziwekwe kwenye bahasha ya khaki au karatasi, siyo mfuko wa nailoni, maana nailoni hutunza unyevu na ushahidi unaoza.

Watakapokuambia "tuyamalize kiutu uzima"

Hili halimo kwenye fomu yoyote, na ndilo linaloua mashauri mengi kuliko ukosefu wa mafuta ya gari.

Jioni ya siku ileile, au kesho yake, watakuja wazee. Wamevaa vizuri, wanaongea kwa heshima. "Mwanangu, sisi ni ndugu. Huyu kijana ni mtoto wa dada yetu. Tukimfunga, nani atamlea mama yake? Tumekaa kikao, wametoa ng'ombe wawili, tumeyamaliza." Wakati mwingine mwenyekiti wa mtaa amekwisha kugonga muhuri kwenye karatasi ya makubaliano. Wakati mwingine anayekuomba uyaache ni mama wa mtoto mwenyewe, kwa sababu mtuhumiwa ndiye anayelipa kodi ya nyumba.

Usibishane na wazee. Wasalimie shikamoo, wape viti, wasikilize mpaka mwisho. Kisha waambie kilicho kweli: kumwingilia mtoto ni jinai, jinai ni ya Jamhuri, na hakuna baba, mjomba wala afisa ustawi mwenye uwezo wa kuisamehe. Adhabu ya ubakaji chini ya Kanuni ya Adhabu haipungui miaka 30, na mtoto akiwa chini ya miaka 10 ni kifungo cha maisha. Kumpa mimba mwanafunzi au kumuoa, tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, nako ni miaka 30. Waambie pia kwamba karatasi yenye muhuri waliyoileta inaweza kuwageukia wao. Mara nyingi hapo ndipo wanapoomba ruhusa ya kuondoka.

Halafu rudi kwa mama. Hofu yake ina msingi na wewe huna haki ya kuidharau. Akikosa kodi mwezi ujao ataondoa ushirikiano, na shahidi wako mkuu atapelekwa kwa bibi yake mkoa mwingine. Kwa hiyo mpango wa kumsaidia mama kukaa bila yule mwanaume ni sehemu ya kumlinda mtoto, na unaanza siku hiyohiyo. Yupo kaka yake wa kuhamia kwake? Kuna kikundi cha akina mama kinachokopesha? Kaya imo kwenye orodha ya TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini? Kesi ya jinai hushinda au hushindwa kwenye chumba cha kupanga cha mama huyu.

Hili si tatizo la nyumba mbili tatu. Utafiti wa kitaifa uliofanyika mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Linganisha na idadi ya majalada kabatini kwako, utaona ni mangapi yaliyomalizwa kiutu uzima.

Hatua ya 3: Zungumza na mtoto

Tafuta mahali ambapo hapiti mtu. Siyo ofisini kwa mwalimu mkuu, mahali anapochapiwa. Chini ya mti kunafaa, alimradi watu hawasikii. Mtoto atakuamkia shikamoo. Itikia marahaba, kisha kaa chini kwa urefu wake. Mwambie jina lako na kazi yako kwa maneno ya kawaida: "Kazi yangu ni kusaidia watoto wakipata shida." Anza na mambo mepesi, nani anakaa naye dawati moja, wanakula nini mchana, nani anamsuka.

Kama Kiswahili chake si kizuri, tafuta mkalimani wa lugha yake asiye ndugu wa mtuhumiwa. Usikubali baba mdogo "asaidie kutafsiri".

Uliza maswali yaliyo wazi. "Niambie ilikuwaje." "Halafu?" "Wewe ulikuwa wapi?" Usiulize: "Mjomba alikushika, siyo?" Mtoto wa Kiswahili amefundishwa kumkubalia mtu mzima, atasema ndiyo hata kwa ambalo halikutokea, na wakili wa utetezi atalipata. Akinyamaza, nyamaza naye. Akisema "alinifanyia tabia mbaya", andika hivyohivyo, ndani ya alama za kunukuu, kisha muulize aeleze hiyo tabia mbaya ni ipi kwa namna yake. Usimwekee maneno ya daktari mdomoni.

Kuna vitu viwili vya kutosema. Usimwahidi "sitamwambia mtu yeyote", maana utamwambia polisi kabla ya saa sita. Mwambie ukweli: nitawaambia wale tu wanaoweza kusaidia, na nitakueleza ni akina nani. Pili, usimuulize "kwa nini hukupiga kelele?" Hilo swali hata mtu mzima halimtoki rohoni.

Ukimaliza, usirudie mahojiano kwa sababu tu mkuu wako anataka kusikia mwenyewe. Mpe maandishi.

Hatua ya 4: Ziara ya nyumbani

Gari la halmashauri likisimama mlangoni, mtaa mzima umeshajua. Nenda kwa bodaboda, shuka kabla ya kufika, ikiwezekana ongozana na mhudumu wa afya ngazi ya jamii ambaye watu wamezoea kumwona akiingia nyumba kwa nyumba. Mjumbe ajulishwe kwamba upo, lakini si lazima akae nawe ukutani akisikiliza.

Ukikuta bibi anapukuchua mahindi, vuta kigoda upukuchue naye. Uliza shamba, mvua, miguu inauma vipi. Dakika kumi za hayo zitakupa yale ambayo dodoso la kurasa nane halitatoa. Wakati huo macho yafanye kazi. Watoto wako wangapi na wanalala wapi, nani na nani. Chandarua kipo kwa kitanda kipi. Nani amevaa viatu na nani hana. Mtoto wa shauri lako anaitwa kwa jina lake au "we"? Chakula kikipakuliwa, yeye anapewa wakati gani na sehemu gani? Kidonda mguuni kimefungwa au kimeachiwa nzi? Sare imetundikwa, au hakuna sare?

Zungumza na kila mtu mzima peke yake. Uliza pia ni nini kinachokwenda vizuri. Nyumba maskini si nyumba mbaya, na hapa vijana wapya hukosea sana: wanaandika "mazingira hayafai" kwa sababu sakafu ni ya udongo. Sakafu ya udongo haimdhuru mtoto. Inayomdhuru ni nyumba ambayo hakuna anayeuliza jana alilala wapi.

Kuhusu kipigo, utaambiwa "namfundisha adabu". Sheria ya Mtoto, kifungu cha 13, haijafuta moja kwa moja adhabu ya mzazi, lakini inasema adhabu isiyolingana na umri, mwili na akili ya mtoto haihalalishwi. Mzazi aliyetumia waya wa umeme, aliyemchoma vidole au kumnyima chakula ameshavuka mpaka huo, na hapo unazungumza naye ukiwa na polisi. Mzazi aliyechoka, anayechapa kwa sababu ndivyo alivyochapwa, anahitaji kitu kingine. Mkutanishe na kikundi cha malezi, na urudi kwake bila kumtangaza.

Hatua ya 5: Mpango ulio na majina na tarehe

Kwenye fomu ya mpango wa huduma, usiandike "familia ipewe msaada wa kisaikolojia na kiuchumi". Nani atautoa, lini? Chukua mfano wa bibi anayelea wajukuu wawili baada ya mama yao kufariki na baba kwenda machimboni. Mkubwa ana miaka 12 na ameacha shule kuuza karanga stendi. Mpango wa kweli unasomeka hivi: mtendaji wa kijiji ataleta kaya kwenye kikao cha TASAF mwezi ujao, afisa atakwenda na bibi ofisi ya kata kuhusu vyeti vya kuzaliwa vya RITA, akiwa na kadi za kliniki, mwalimu mkuu amekubali kumpokea mtoto Jumatatu bila kumdai michango, kwani elimu ya msingi na sekondari za serikali hadi kidato cha nne ni bila ada tangu 2016, shangazi aliyeko Singida atapigiwa simu na afisa wiki hii, sare itatoka kikundi cha kanisa, mzee wa kanisa ameahidi kabla ya tarehe 15. Bibi asaini, na mtoto wa miaka 12 naye aulizwe kama amekubali. Akisema stendi anapata hela ya dawa ya bibi, umegundua hitaji ambalo hukuliandika.

Msichana aliyejifungua anaruhusiwa kurudi kwenye mfumo rasmi wa shule kwa Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021. Beba nakala. Wapo walimu wakuu wanaojifanya hawajauona.

Benchi la matunzo

Sehemu kubwa ya watu kwenye lile benchi la nje hawakuletwa na kipigo. "Baba hatoi hata mia." Hapa unaandika barua ya wito, baba anakuja akiwa amenuna, na unakuwa mpatanishi.

Waweke mezani, kila mmoja aseme bila kukatizwa, na uwarudishe kwa mtoto kila wanapoanza kufukua ndoa yao. Jua kipato halisi. Dereva wa bodaboda hana mshahara wa mwezi, ukimwandikia laki mwisho wa mwezi umemtengenezea deni na mama ametengenezewa njaa. Mpangie kiasi kidogo kila wiki. Fedha zitumwe kwa simu moja kwa moja kwa mama, ujumbe wa muamala ndio risiti. Zisipite mkononi mwako hata mara moja, hata kama wote wawili wanakuomba. Siku moja elfu tano itapotea na heshima ya ofisi nzima itaondoka nayo.

Akishindwa kutekeleza, unayo njia ya maombi ya matunzo mahakamani. Kwa mvutano wa nani akae na mtoto, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inachukulia kwamba aliye chini ya miaka 7 anafaa kuwa na mama, ila dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Baba akisema mtoto si wake, usiamue kwa kutazama pua. Kipimo cha vinasaba hufanywa na Mkemia Mkuu wa Serikali, na maombi hupitia mamlaka kama mahakama au ofisi yako.

Mtoto asipoweza kubaki nyumbani

Mpangilio ni huu, na usiuruke: ndugu wa karibu kwanza, kisha ndugu wa mbali au familia ya kuaminika iliyokwisha kukaguliwa, kisha malezi ya kambo, yaani familia iliyoidhinishwa rasmi kumlea kwa muda, na makao ya watoto mwishoni kabisa. Makao ni rahisi kwako, unampeleka, unasaini, unarudi na roho nyeupe. Kwa mtoto ndiyo njia inayomtoa kwenye ukoo, na kumrudisha huchukua miaka. Kwa mtoto mchanga madhara ni makubwa zaidi, maana anahitaji mikono ileile kila siku, na kule zamu zinabadilika.

Shangazi aliyejitolea naye akaguliwe. Nani mwingine anaishi pale? Kwa nini amekubali haraka hivyo? Wako watoto wa kike waliotolewa kwenye mateso wakaishia kuwa wadada wa kazi wasiolipwa kwa ndugu mjini.

Na usimwondoe mtoto kienyeji ukakaa naye kimya. Kuondolewa kwa mtoto ni suala la mahakama, kwa hiyo peleka shauri haraka. Muache mtoto aondoke na kitu chake: daftari, kanga ya mama, chochote. Mwambie anakwenda wapi, na lini utakuja kumwona. Halafu uende siku hiyo.

Mahakamani

Mahakama ya Watoto hukaa faragha, na afisa ustawi anatakiwa kuwepo. Hakimu atakuomba taarifa ya uchunguzi wa kijamii. Kurasa mbili au tatu zenye mambo uliyoyaona zinashinda kumi zenye maneno ya kozi. Tenganisha ulichokiona, ulichoambiwa na unachopendekeza, na kila pendekezo liwe la kitu kinachopatikana wilayani kwako.

Kwa mtoto anayetoa ushahidi, mweleze mapema chumba kilivyo, nani atakaa wapi, na kwamba anaweza kuomba maji. Usimfundishe la kusema. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 127 baada ya marekebisho ya 2016, inamruhusu mtoto wa umri usiozidi miaka 14 kutoa ushahidi bila kiapo, ila lazima kwanza aahidi kusema kweli na kutosema uongo. Ahadi hiyo isipoonekana kwenye mwenendo wa kesi, rufaa inaweza kuangusha kila kitu, kwa hiyo mkumbushe mwendesha mashtaka. Umri nao uthibitishwe mapema: cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, au mzazi mwenyewe akisema.

Kurudi, na kufunga

Weka tarehe za ufuatiliaji kwenye kalenda ya simu siku ileile unayosaini mpango. Mwanzoni kila wiki, kisha kila wiki mbili, kisha mwezi. Gari litakosa mafuta, hilo lijue. Panga ziara kwa kata, siyo kwa shauri, ili nauli moja ikufikishe kwenye nyumba nne. Usipoweza kwenda, piga simu kwa mwalimu uulize mahudhurio. Rejesta ya darasa haidanganyi sana.

Funga shauri pale yale uliyoyaandika kwenye mpango yamefanyika na mtoto, akiulizwa akiwa peke yake, anasema yuko salama. Andika sababu za kufunga, na umwachie mtoto na mlezi namba ya kupiga mambo yakirudi.

Na wewe pia una mwili. Baada ya shauri zito, zungumza na mwenzako wa kazi kabla ya kwenda nyumbani, bila kutaja majina kwa mwenzi wako wala kwa rafiki wa baa. Ukiona hulali au umeanza kuwakaripia watoto wako, mwambie mkuu wako akupunguzie mashauri ya aina hiyo kwa muda.

Barua ya uhamisho ikija, itakuja ghafla. Usiondoke ukiwa umeacha funguo kwa mhudumu wa ofisi. Yatoe majalada yaliyo wazi, bandika mbele ya kila moja karatasi yenye mambo manne: mtoto yuko wapi leo, hatari iliyobaki, tarehe inayofuata ya mahakama au ziara, na namba za simu za mlezi, mwalimu na mtendaji. Yale ya hatari zaidi, nenda na anayekupokea hadi nyumbani kwa mtoto umtambulishe: "Huyu ndiye atakayekuja Alhamisi." Kama yeye hajaripoti bado, mpigie simu akifika.